Hesabu Dakika Kabla ya Pauni

Mwalimu mkuu wa shule moja ya binafsi pale Hai Amarat, Juba, alinifungulia daftari lake la bajeti akanionyesha mstari wa Kiingereza. Ulikuwa mstari mmoja kwelikweli: "Vitabu vya Kiingereza", umebanwa kati ya chaki na maji ya tanka. Juu zaidi mishahara ya walimu wote kwa jumla, chini zaidi dizeli ya jenereta. Nikamuuliza, "Ustaz, Kiingereza chenyewe kiko wapi humu?" Akacheka, akasema kiko kila mahali, kwani si shule nzima inafundisha kwa Kiingereza?

Alisema kweli, na hapo ndipo panapouma. Kitu kilicho kila mahali hakina mwenyewe. Pesa zikipungua katikati ya muhula hakuna wa kukitetea, maana hakina jina wala kiasi. Vitabu vyake vinaahirishwa, mwalimu wake anaongezewa darasa la kusimamia, na mwisho wa mwaka wazazi wanauliza kwa nini mtoto wa darasa la sita anasoma kama anayetafuna kokoto. Nawaandikia walimu wakuu, wahasibu na wajumbe wa kamati za shule wanaokaa chini kila Januari kugawa pesa chache kwa mahitaji mengi, kabla milango haijafunguliwa Februari. Mfano wangu ni Amarat, lakini mwalimu wa Arua au wa Kitale naye hatakosa la kuchukua.

Kisheria hakuna ubishi. Katiba ya Mpito ya Sudan Kusini ya 2011 imekifanya Kiingereza lugha rasmi ya kazi na lugha ya kufundishia katika ngazi zote za elimu. Sheria ya Elimu ya 2012 inawapa watoto wa madarasa matatu ya mwanzo nafasi ya kusoma kwa lugha zao za nyumbani, kisha kuanzia darasa la nne Kiingereza kinashika usukani. Ila Amarat si kijiji cha lugha moja. Jina lenyewe ni la Kiarabu, lina maana ya majengo ya ghorofa, na madarasani utamkuta Mbari ameketi na Mdinka, Mnuer, Mzande na Macholi, na pembeni yao mtoto wa Mkenya, wa Mganda au wa Mweritrea ambaye baba yake ana duka. Kengele ya mapumziko ikilia, wote wanacheza kwa Kiarabu cha Juba. Kiingereza hawakipati nyumbani wala uwanjani. Wanakipata kwa zile saa unazowapangia wewe, na usipowapangia hawakipati.

Basi anza na saa, pesa zitafuata.

Chukua darasa la watoto 60 na kipindi cha dakika 40. Mwalimu akiongea nusu ya kipindi, na wengi wetu huongea zaidi ya hapo, zimebaki dakika 20. Zigawe kwa watoto 60: kila mmoja ana sekunde 20 za kufungua mdomo. Vipindi sita kwa wiki vinampa dakika mbili. Sijaona aliyejua lugha kwa kuisema dakika mbili kwa wiki, hata angenunuliwa kompyuta ya dhahabu.

Sasa badilisha jambo moja tu. Katika kila kipindi mwalimu atenge dakika 10, watoto waongee wawili wawili: mmoja anauliza bei ya nyanya, mwingine anauza; mmoja anaeleza njia ya kwenda uwanja wa ndege, mwingine anachora. Kila mtoto anapata dakika tano, na kwa vipindi sita ni nusu saa kwa wiki. Umetoka dakika mbili hadi thelathini na hujanunua kitu dukani. Gharama iliyopo ni ya kumfundisha mwalimu jinsi ya kuendesha darasa ambamo watoto 60 wanaongea kwa pamoja bila darasa kugeuka soko la Konyo Konyo. Hizo ni siku mbili tatu za mafunzo kabla ya muhula, chai na chakula cha mchana, nauli, na mtu wa kurudi darasani baada ya wiki mbili kutazama kama jambo limeshika. Huo uwe mstari wa kwanza wa bajeti yako ya Kiingereza. Katika shule nyingi nilizopitia, haupo kabisa.

Baada ya dakika za mtoto, hesabu dakika za mwalimu. Tuseme una watoto 320 katika madarasa manane, 40 kila darasa, na umeamua kila darasa lipate vipindi sita vya Kiingereza kwa wiki. Hivyo ni vipindi 48. Mwalimu mmoja hawezi. Wawili, vipindi 24 kila mmoja, wanaweza wakabaki na pumzi. Lakini mhasibu akiishia hapo atakuwa ameacha mzigo mzito kuliko wote, yaani kusahihisha. Insha moja fupi, isahihishwe vizuri, inakula dakika tano. Insha 320 ni dakika 1,600, karibu saa 27. Walimu wawili wakigawana, kila mmoja ana zaidi ya saa 13 za kalamu nyekundu juu ya vipindi vyake. Ukiwaagiza insha kila wiki watakudanganya, na sitawalaumu: wataweka alama ya vema chini ya ukurasa bila kusoma. Waagize insha moja kila wiki mbili, madarasa yakipokezana, na katika ratiba uwaachie vipindi vitatu vya kusahihisha vinavyolipwa kama vipindi vingine. Kipindi kisicholipwa hufanywa usiku kwa tochi ya simu, na kazi yake huonekana hivyo hivyo.

Walimu wenyewe ni mada ndefu, na naomba tukae hapa kidogo.

Chumba cha walimu cha Juba ni historia ya nchi iliyokaa kwenye viti vya plastiki. Mwaka 1957 serikali ya Khartoum ilizitwaa shule za wamisionari kusini, na Kiarabu kikasukumwa mbele. Makubaliano ya Addis Ababa ya 1972 yakakirudisha Kiingereza kuwa lugha kuu ya Kusini, kisha upepo ukageuka tena kuelekea Kiarabu. Waliokimbia vita walisoma Uganda, au Kenya katika kambi ya Kakuma iliyofunguliwa 1992, kwa Kiingereza na Kiswahili. Waliobaki kaskazini walisoma kwa Kiarabu hadi chuo kikuu. Leo wote hao wanashika chaki katika shule moja. Utamkuta mwalimu wa hisabati aliyesoma Khartoum, bingwa asiyeshindwa na hesabu yoyote, anayesita kulitamka swali la sehemu kwa Kiingereza. Anayefuata ni kijana wa Kakuma anayekimwaga Kiingereza kama maji, ila hesabu zenyewe zinampiga chenga.

Kwa hiyo bajeti ya Kiingereza isiishie kwa walimu wa somo la Kiingereza. Mwalimu wa sayansi naye anafundisha Kiingereza, atake asitake, kila anaposema "chora mzizi wa mmea" na watoto wasijue mzizi ni nini. Tenga saa moja kwa wiki ya walimu wote, ndani ya muda wa kazi, chai ikiwepo. Wakae wawili wawili, yule wa Khartoum na yule wa Kakuma, waandae pamoja vipindi vya wiki inayofuata: huyu anatoa hesabu, yule anatoa maneno. Nimeona jambo hili likifanya kazi mahali ambapo semina ya siku tano hotelini, pamoja na kalamu na begi lake, haikuacha kitu. Kabla ya kumlipa mtaalamu wa nje, uliza kwanza wizarani na kwenye mashirika yanayofundisha walimu. Windle, kwa mfano, limeendesha kozi za Kiingereza kwa walimu wa Sudan Kusini kwa miaka mingi. Huenda kozi unayotaka kuinunua inatolewa bure ng'ambo ya pili ya barabara.

Na mshahara. Mwalimu anayejua Kiingereza vizuri Juba ana soko nje ya darasa. Amarat na mitaa jirani ina ofisi za mashirika na hoteli zinazohitaji mkalimani, karani wa stoo, mpokea wageni. Huwezi kushindana na mishahara yao, usijidanganye. Unachoweza ni kulipa kwa tarehe. Mradi wa Umoja wa Ulaya ulioitwa IMPACT uliwahi kuwalipa walimu wa shule za msingi za serikali posho ya dola 40 kwa mwezi, na kiasi hicho, kidogo namna hiyo, kilitosha kuwarudisha wengi madarasani wakati mishahara ya serikali ilipokuwa imeyeyuka. Mwalimu anavumilia mshahara mdogo kwa muda mrefu kuliko anavyovumilia ahadi. Ningeweka pia bakshishi ya kumaliza mwaka, inayoandikwa ndani ya mkataba: anayefika Desemba bila kuondoka anapata nusu ya mshahara wa mwezi juu. Mhasibu atakunja uso. Mwambie ahesabu gharama ya kumpoteza mwalimu Agosti: wiki tatu za kutafuta mwingine, darasa lililokaa bure, na mgeni anayeanza kitabu upya kutoka ukurasa wa kwanza kwa sababu hakuachiwa daftari la maandalio. Ukiajiri kutoka Kampala au Nairobi, kibali cha kazi na nauli ya likizo ziwe mistari inayojitegemea, na mkataba useme waziwazi nani analipa. Nimeona urafiki wa miaka ukivunjika kwa sentensi moja iliyokosekana hapo.

Sasa pesa yenyewe, ambayo Juba ina tabia zake.

Desemba 2015, serikali ilipoiacha pauni ielee sokoni, dola iliyokuwa ikiuzwa rasmi kwa takriban pauni 3 ilipanda hadi zaidi ya 18 kwa siku moja. Waliokuwa na bajeti ya mwaka mzima ndani ya kasha la chuma waliamka na bajeti ya miezi miwili. Tangu hapo pauni haijatulia. Februari 2024 bomba la mafuta lilipopasuka kwa sababu ya vita vya Sudan, iliporomoka tena, na leo dola moja inahesabiwa kwa maelfu ya pauni. Mtu anayeandika bajeti ya Kiingereza kwa pauni tu, mwezi Januari, anaandika juu ya mchanga mto ukijaa.

Ushauri wangu ni mwepesi na umewasaidia wengi: andika vitu kabla ya pesa. Safu ya kwanza iseme "vitabu 60, rimu 20, siku za mafunzo 3, saa za ziada za mwalimu 120". Hiyo ndiyo bajeti, na kamati iipitishe hivyo. Safu ya bei iwe ya penseli, ifutwe na kuandikwa upya kila mwanzo wa muhula. Kamati ikizoea kubishana juu ya vitabu 60 badala ya mamilioni ya pauni, itaona mara moja kinachopotea bei ikipanda: tulisema 60, sasa pesa zinatosha 35, tunaacha nini kingine? Bila hivyo mhasibu atajisifu kwamba ametumia kiasi kile kile kilichopitishwa, na stoo ni nusu tupu.

Halafu pangilia ununuzi kwa kufuata kasi ya kuyeyuka. Karo ikiingia Februari, nunua wiki hiyo hiyo kila kinachovuka mpaka: vitabu, karatasi, wino wa mashine ya kurudufisha, betri. Usikae na pauni hadi Juni ukingoja bei ishuke. Sijapata kuiona ikishuka. Kinacholipwa kwa mikono ya watu wa hapa, kama kushona vitabu vilivyochanika au kutengeneza rafu, kinaweza kungoja. Mzazi anayeweza kulipa mihula miwili kwa pamoja mpunguzie kidogo. Punguzo la sehemu moja ya ishirini ni rahisi kuliko hasara ya miezi minne.

Vitabu karibu vyote vinapanda kutoka Kampala na Nairobi, vinapita Elegu na Nimule, kisha ile lami ya kilomita 192 iliyokamilika 2012. Ni barabara nzuri inapopitika. Aprili 2021 madereva wa malori waligoma Elegu baada ya wenzao kuuawa upande wa Sudan Kusini, na mizigo ikalala mpakani. Weka wiki sita kati ya kuagiza na kufungua sanduku, na katika bei ya kila kitabu jumlisha usafiri, wakala wa forodha na ada za njiani. Kitabu kinachoonekana rahisi katika orodha ya mchapishaji wa Kampala kikifika Amarat kinakuwa kitu kingine. Shule tatu nne za mtaa mmoja zikiagiza pamoja zinagawana gari moja na wakala mmoja. Ajabu ni kwamba shule zinazogombania wanafunzi zinaona aibu kugawana boksi.

Lakini kabla ya kununua hata kimoja, sikiliza kilichotokea Busia na Teso, magharibi mwa Kenya, miaka ya 1990. Shule zilipewa vitabu rasmi vya kiada, na watafiti Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin wakapima matokeo. Walichokichapisha 2009 kiliwashangaza wengi: kwa wastani alama hazikupanda. Waliofaidika ni wale waliokuwa tayari wakiongoza darasani. Sababu haikuwa ya kuficha: vitabu vilikuwa vya Kiingereza, na watoto wengi hawakuweza kuvisoma. Ukigawa vitabu vya darasa la tano kwa watoto wanaosoma kama wa darasa la pili, umewapa mto wa kulalia.

Miaka baadaye Kenya hiyo hiyo ilifanya vingine. Mradi wa Tusome, ulioenea nchi nzima kuanzia 2015, uliwapa watoto wa madarasa ya mwanzo kitabu cha Kiingereza na cha Kiswahili, kila mtoto chake. Vitabu hivyo havikuja peke yao. Mwalimu alipewa mwongozo wa kipindi kwa kipindi, na afisa wa elimu alimfuata darasani akiwa na tableti, akamtazama akifundisha, wakakaa baadaye kuzungumza. Shule moja ya Amarat haina afisa wa kutuma, ila ina mwalimu mwandamizi. Mpunguzie vipindi vinne kwa wiki awatembelee wenzake. Vipindi vinne vya mtu huyo ni fedha, navyo viandikwe.

Kwa hiyo pima kwanza, nunua baadaye. Wiki ya kwanza ya Februari kaa na kila mtoto dakika tatu: herufi za alfabeti, maneno kumi, aya fupi, maswali mawili. Watoto 320 kwa dakika tatu ni saa 16. Walimu wanne wanamaliza kwa siku mbili wakifanya asubuhi tu. Utashangaa ni vitabu vingapi vya darasa la pili unavyohitaji na ni vingapi vya darasa la sita usivyovihitaji. Kisha nunua hadithi fupi nyingi nyepesi kuliko vitabu vizito vichache. Kitabu cha kiada kimoja kwa watoto wawili kinatosha. Kwa shule yetu ya watoto 320 ni nakala 160, ongeza 16 za kupotea na kuchanika, jumla 176. Kitabu chenye jalada la plastiki kinaishi miaka mitatu hivi mikononi mwa watoto wetu, basi kila mwaka uwe na uwezo wa kununua 59 vipya. Shule inayonunua vyote mwaka mmoja na kusahau inajikuta mwaka wa nne haina hata kimoja, na hapo ndipo barua za kuomba msaada huanza kuandikwa.

Nikitaja msaada, nikubalieni malalamiko kidogo. Shule moja ambayo sitaitaja ilipokea maboksi ya vitabu vya hadithi kutoka nje. Vilikuwa vizuri, vya theluji na farasi wa mbio. Mwalimu mkuu, kwa kuogopa visiibwe, akavifungia. Mimi nilikuwa mmoja wa walioshangilia maboksi yakishushwa, na mwaka uliofuata nilimkuta mchwa ndiye msomaji pekee aliyefika ukurasa wa mwisho. Mfadhili akikuuliza unataka nini, kuwa na orodha tayari: majina ya vitabu, idadi, na mwishoni rafu, kufuli lenye funguo mbili, na posho ya mtu wa kuviazimisha. Msaada usiokuja na posho hiyo, fikiri mara mbili kabla ya kuushangilia.

Kuhusu mashine nitasema machache. Umeme wa Juba umeongezeka tangu 2019, lakini bei yake inauma, na dizeli inauma zaidi. Chumba cha kompyuta kinachokaa gizani ni deni lenye feni. Kabla ya uhuru na muda mfupi baada yake, mradi wa masomo kwa redio uliojulikana kama SSIRI ulikuwa ukirusha vipindi vya nusu saa vya Kiingereza na hesabu kwa madarasa ya chini, shule zikipewa redio za kuzungusha mkono na za jua. Mwalimu alisimama kando ya redio, redio ikiuliza, watoto wakijibu. Leo spika ndogo ya kuchaji kwa jua na kadi ya kumbukumbu inafanya kazi ile ile. Nunua tatu, na moja zaidi ya akiba. Ila kuna jambo ambalo waandishi wa mipango hawalijui kwa kuwa hawajafundisha chini ya mabati: mvua ya Juba ikipiga, kuanzia Aprili au Mei hadi Oktoba, husikii hata sauti yako. Vipindi vya kusikiliza viwe vya asubuhi, na mwalimu awe na kipindi cha kuandika mfukoni, mvua ikija anabadilisha bila kuomba ruhusa.

Kuna mstari mmoja ambao miaka kumi iliyopita nisingeuandika. Tangu vita vilipolipuka Khartoum tarehe 15 Aprili 2023, familia nyingi zimerudi, na watoto wao wamesoma kwa Kiarabu. Msichana wa miaka 14 anayefanya aljebra bila shida anawekwa darasa la tatu pamoja na watoto wa miaka minane, kwa sababu tu hajui Kiingereza. Magoti hayaingii chini ya dawati. Baada ya muhula mmoja haonekani tena. Mwekee darasa la kuvusha: alasiri, saa moja na nusu, siku tano kwa wiki, wiki 12. Hizo ni saa 90 za mwalimu, idadi inayohesabika na kulipika. Asubuhi akae na wa rika lake kwa hisabati, alasiri apigwe msasa wa Kiingereza. Mwalimu anayefaa hapo ni yule wa Khartoum tuliyemwacha chumba cha walimu akisita kutamka sehemu. Yeye ndiye anayejua mtoto huyo anatafsiri nini kichwani. Usiwadai wazazi hao karo ya ziada mwanzoni. Wametoka njiani.

Wiki nazo zipunguzwe kwenye karatasi kabla Mungu hajazipunguza. Machi 2024 serikali ilifunga shule nchi nzima kwa hofu ya joto la nyuzi 45. Februari 2025 zikafungwa tena wiki mbili baada ya wanafunzi kuanguka kwa joto Juba. Kabla ya hapo Korona ilizifunga kwa wanafunzi wengi kuanzia Machi 2020 hadi Mei 2021. Kalenda ikikupa wiki 36, panga masomo ya 30. Zile sita, zikibaki, ni za kurudia na kusoma hadithi. Na kila mtoto awe na kijitabu cha kurasa kama 20 cha kwenda nacho nyumbani shule ikifungwa ghafla, kilichorudufishwa mapema na kukaa stoo. Ni rimu chache tu, ila zinunuliwe Februari, maana tangazo la kufunga likishatoka redioni, kila shule inakimbilia mashine moja ya kurudufisha.

Watu huniuliza asilimia. Sipendi, kwa sababu asilimia hugeuka sheria, lakini nikilazimishwa, katika kila pauni 100 za Kiingereza ningeweka 60 kwa walimu: mishahara yao, vipindi vya kusahihisha, mafunzo, na mwandamizi wa kuwatembelea. Vitabu 18. Darasa la kuvusha 8. Karatasi na upimaji 4. Spika na betri 2. Nane zinazobaki ni akiba, na akiba hiyo ishikwe kwa bidhaa, si kwa noti: rimu zilizofungwa, wino, vitabu vya ziada. Bidhaa haishuki thamani usiku. Mwenye shule changa anayeanza mwaka huu aongeze vitabu na kupunguza akiba; mwenye walimu wapya wengi afanye kinyume, vitabu vingoje.

Katika mkutano wa wazazi, usisome asilimia. Waambie mama na baba waliokaa pale chini ya mti: mtoto wako alikuwa akisema Kiingereza dakika mbili kwa wiki, sasa anasema thelathini, na karo yako imelipia jambo hilo. Kisha mwite mtoto asome mbele yao ukurasa ambao hakuwahi kuuona. Mzazi aliyesikia hivyo halipi kwa kusukumwa. Na kama mtoto atakwama, bora akwame Julai mbele ya watu, bado mna miezi ya kurekebisha.

Daftari la bajeti lifunguliwe mara tatu kwa mwaka, kila mwanzo wa muhula, na mwalimu wa Kiingereza awepo mezani. Mara nyingi hayupo. Mhasibu na mwalimu mkuu wanaamua kuhusu vitabu ambavyo wote wawili hawajavifungua. Awepo, na aje na orodha ya vitabu vilivyoko mikononi mwa watoto, siyo vilivyoko stoo.

Hesabu ya vitabu ifanywe wiki moja kabla ya mtihani wa darasa la nane, na wala isingoje uishe. Wakishaandika karatasi ya mwisho wanatoka getini wakiimba, wanapanda boda boda wanne wanne, na kitabu ulichokilipia usafiri kutoka Kampala kinakwenda nao Gudele, au Malakal, au mbali zaidi ya hapo.